Tazama Kwanza Miguu

Mei 2019, kwenye mkutano wa Transform Africa mjini Kigali, alipandishwa jukwaani Sophia, roboti mwenye uso wa mwanamke, kavalishwa umushanana, vazi la sherehe la wanawake wa Rwanda. Mei ya mwaka uliofuata, corona ikiwa imewafungia watu ndani, nchi hiyohiyo ikapokea roboti tano za kusaidia wauguzi na kupima joto la abiria. Zilitoka kampuni ya Zora Bots ya Ubelgiji, zikaletwa kwa msaada wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, zikapewa majina ya nyumbani: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Hizi hazikuwa na ngozi wala nywele. Mwili wa plastiki nyeupe, kichwa cha mviringo, na macho ambayo hata mtoto hawezi kuyadhania ya mtu.

Shangazi yangu wa Tanga nilimwonyesha video zote mbili kwenye simu. Akazuba alimchekesha. Alitaka kujua kama kanaweza kuleta chai pia, maana kama kanapeleka dawa wodini, chai haiwezi kukashinda. Kwa Sophia hakucheka. Alisogeza simu mbali kidogo na uso, kama mtu anayetafuta kusoma maandishi madogo, kisha akaniuliza: "Huyu kafa au yu hai?" Nikamwambia ni mashine tu, shangazi. "Najua ni mashine. Nimekuuliza kafa au yu hai." Akanirudishia simu.

Swali lile si la kuchekwa. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Ernst Jentsch, aliandika juu ya hofu ya namna hii, na chanzo alichokitaja ndicho alichokisema shangazi: kuwa na shaka kama kitu kinachoonekana kina uhai kinao kweli, au kinyume chake, kama kitu kisicho na uhai huenda kinao. Jentsch alikuwa akifikiria masanamu ya nta na vikaragosi vya kujiendesha. Roboti zilikuwa bado.

Na si kwamba Sophia ana sura mbaya. David Hanson, ambaye kampuni yake ya Hong Kong ndiyo iliyomuunda na kumwasha mwaka 2016, amesema uso ule umechukua kidogo kwa mwigizaji Audrey Hepburn na kidogo kwa mke wake mwenyewe. Ngozi yake ya mpira laini hukunjamana pembeni mwa macho anapotabasamu. Kisogoni hana nywele, ameachwa na fuvu la plastiki angavu, waya na mota zinaonekana. Sehemu ya programu zake iliandikwa Addis Ababa, kwa vijana wa iCog Labs, na alipokwenda kuwatembelea mwaka 2018 kipande cha mwili wake kilipotea na mizigo uwanja wa ndege wa Frankfurt, kwa hiyo katika hilo amefanana nasi kabisa. Oktoba 2017 Saudi Arabia ilitangaza kumpa uraia. Nawafahamu dada zetu walioko kule kwa mikataba ya kazi za ndani ambao wangependa kujua yeye alipanga foleni dirisha gani.

Sasa, kwa nini huyu anatisha na Akazuba hatishi, wakati huyu ndiye anayefanana nasi?

Mtu aliyelichora swali hili vizuri kuliko wote ni Masahiro Mori, mhandisi wa roboti wa Tokyo. Mwaka 1970 aliandika makala fupi katika jarida la Kijapani lililoitwa Energy, na kwa miaka mingi hakuna aliyeijali sana. Tafsiri rasmi ya Kiingereza aliyoidhinisha mwenyewe ilitoka 2012, miaka 42 baadaye. Ndani yake kuna mchoro mmoja tu wa maana. Kadiri unavyokwenda kulia, kitu kinazidi kufanana na mtu. Kadiri unavyopanda juu, tunazidi kukipenda. Roboti ya kiwandani, mkono wa chuma unaochomelea magari, iko chini kushoto: haipendwi, haichukiwi. Mpe mtoto roboti ya kuchezea yenye kichwa na miguu, atalala nayo. Mstari unapanda. Ungetarajia uendelee kupanda hivyohivyo mpaka kwa binadamu mwenyewe. Mori akasema hauendi hivyo. Ukikaribia kabisa, mstari unaporomoka ghafla, unatumbukia bondeni, kisha ndipo upande tena kwa mtu halisi. Mle bondeni aliweka maiti, na chini zaidi aliweka maiti inayotembea, kwa sababu kwa maoni yake mwendo hukuza kila kitu: cha kupendeza kikitembea hupendeza zaidi, cha kutisha kikitembea hutisha zaidi.

Hakufanya utafiti wowote. Hakupima watu. Alisema baadaye kwamba tangu utotoni hakupenda kuangalia masanamu ya nta, na miaka ile mikono bandia ya umeme ilipoanza kutengenezwa, ilimrudishia hisia ileile. Alikuwa mtu mwenye hofu yake, akaichora.

Mfano wake mkubwa ulikuwa huo mkono. Mkono bandia wa kisasa, anasema, una mishipa, una kucha, una hata mistari ya vidole. Ukiuona kwa mbali unauhesabu kuwa mkono. Halafu unashikana nao: baridi, teketeke, hauna mifupa. Hapo ndipo mtu anaruka. Mori aliandika kwamba mtu akiuvaa gizani akampa mkono mwanamke, hakika huyo mama atapiga kelele.

Mfano huu unaniingia zaidi kuliko roboti yoyote, kwa kuwa mtaani kwetu yupo mzee aliyepoteza mkono mashineni. Anayo mikono miwili ya kubadilisha. Mmoja ni ndoano ya chuma, mikanda inapita begani, akivuta bega ndoano inafunguka. Kwa hiyo ndoano anashika baiskeli, anafungua chupa, anavuta kiti. Watoto wanaipenda, wanaomba awaonyeshe inavyobana kijiti. Wa pili ni wa harusini na msibani: una glavu ya rangi ya ngozi, ila rangi hiyo si ya ngozi yake, imekuwa na wekundu fulani kama wa mtu aliyeungua jua huko Ulaya. Vidole vimetulia, vimekunjwa nusu, saa zote. Watoto walewale wanaoning'inia kwenye ndoano, akija na ule mkono wa glavu wanajificha nyuma ya mama zao. Watu wazima hatujifichi, tuna adabu. Lakini nimeona jinsi tunavyouacha haraka. Salamu yetu si ya kugusana na kuachana; unashika mkono, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, mkono bado uko mkononi. Kwa ndoano tunampa salamu kamili, tunakishika chuma chake bila wasiwasi mpaka habari ziishe. Kwa glavu habari zinakatwa njiani.

Ndoano haikuahidi chochote, ndivyo ninavyoamini. Glavu imeahidi joto, imeahidi kubanwa kidogo na wewe unapobana, na ahadi hiyo haikutimizwa. Kufanana peke yake hakumtishi mtu. Kinachomtisha ni deni ambalo mfano umeliweka na hauwezi kulilipa.

Kuna kitu kingine Mori alikitaja ambacho wengi wanakiruka: muda. Kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, mwaka huohuo wa 1970, kulikuwa na roboti yenye jozi 29 za misuli ya bandia usoni ili iweze kutabasamu kama mtu. Tabasamu, kwa mujibu wa mbunifu wake, ni mfuatano wa mabadiliko ya uso, na kasi yake ndiyo roho yake. Punguza kasi nusu, midomo ileile, meno yaleyale, na furaha inageuka kuwa kitu cha kukusisimua mwili. Jaribuni wenyewe mbele ya kioo, polepole. Mimi sifanyi tena usiku.

Miaka mingi baadaye watu wa maabara wakaanza kumpima Mori. Kazi ninayoipenda ni ya timu ya Ayse Saygin, Chuo Kikuu cha California, San Diego. Walichukua roboti ya Kijapani iitwayo Repliee Q2, iliyofinyangwa kwa sura ya mwanamke halisi. Wakapiga video tatu. Ya kwanza, mwanamke mwenyewe anapunga mkono, anakunywa maji, anaokota karatasi mezani. Ya pili, roboti inafanya hayohayo. Ya tatu, roboti ileile imevuliwa ngozi, chuma na waya vinaonekana, inafanya hayohayo. Watu 20 wakalazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakatazama. Mtu anayekwenda kama mtu: ubongo umetulia. Chuma kinachokwenda kama chuma: umetulia vilevile. Ila kwa ile ya katikati, sura ya mtu na mwendo wa mashine, sehemu za ubongo zinazounganisha kuona na mwendo zilichachamaa. Tafsiri yao ni kwamba ubongo hukaa ukibashiri kila mara kitakachofuata. Ukiona uso wa mtu, unatayarisha mwendo wa mtu, na usipoupata unapiga kengele. Ni kama kunywa chai uliyotiwa chumvi. Chumvi ina mahali pake, hakuna aliyewahi kuitema kwenye supu.

Wapo waliopima sauti pia: mtu anayesema kwa sauti ya roboti, na roboti inayosema kwa sauti ya mtu. Vyote viwili viliwachukiza watazamaji kuliko mtu mwenye sauti ya mtu au roboti yenye sauti ya roboti. Tena kuna waliokusanya nyuso 80 za roboti za kweli, zilizokwisha kutengenezwa na watu mbalimbali, wakaomba watu wazipange kwa kupendeza, kisha wakawapa mchezo wa fedha: ungemwachia huyu kiasi gani akutunzie? Bonde la Mori likatokea kwenye kupendeza, na athari yake ikaonekana hata kwenye pochi. Hata kima aina ya makaki, katika utafiti wa Princeton wa 2009, waliangalia kwa muda mrefu picha za kima halisi, wakaangalia kwa muda mrefu vikatuni vya kima, lakini picha ya kompyuta iliyokaribia sana ukweli wakawa wanaikwepa.

Kusema kweli maabara haya yote yamenifundisha kidogo kuliko hadithi moja niliyoisikia utotoni, na mtu yeyote aliyekulia Tanga, Mombasa au Zanzibar anaijua.

Jamaa anatoka kazini usiku. Njiani anamkuta mwanamke mzuri, buibui jeusi, udi unanukia, anaomba lifti. Jamaa anafurahi, anafungua mlango. Wanazungumza vizuri tu, mwanamke ana maneno matamu, lafudhi ya mjini. Wanapita chini ya taa, jamaa anatupa jicho chini, pale buibui lilipoishia. Kwato. Anaacha gari linawaka, anakimbia mpaka pumzi inakatika, anamkuta mlinzi getini amejikunyata na koti lake. "Babu, nisaidie, nimekutana na mwanamke ana kwato!" Mlinzi anamtazama kwa huruma, anavuta suruali juu taratibu. "Kama hizi?"

Waliotunga hadithi ile hawakumpa jini pembe. Hawakumpa macho ya moto wala meno ya simba. Angekuwa na pembe tungemjua tangu mbali, tungepita upande wa pili wa barabara, hadithi isingekuwepo. Walimpa kila kitu cha mtu, mpaka harufu na lafudhi, wakabakiza sehemu moja ndogo, tena mahali ambapo mtu haangalii kwanza. Mori alihitaji mchoro wenye mihimili miwili. Bibi zetu walihitaji pindo la buibui.

Na kwa upande wa bara tunaye msukule. Anayesadikiwa kuwa msukule ana mwili wa ndugu yako kabisa, kovu la gotini lipo, pengo la jino lipo. Inasemwa kwamba alikufa mkamzika, kumbe kachukuliwa, analimishwa usiku, analishwa pumba, ulimi umekatwa. Ukikutana naye anakutazama na hakufahamu. Miguu yake haina tatizo. Kwa huyu ni ndani ndiko kulikokosekana mtu. Mwaka 2012 wanasaikolojia wa Marekani, Kurt Gray na Daniel Wegner, walikaribia hapohapo kwa njia yao: mashine ikielezwa kuwa ina uwezo wa kuhisi, watu waliingiwa na wasiwasi, na mtu akielezwa kuwa hawezi kuhisi maumivu wala hofu, watu waliingiwa na wasiwasi uleule. Mashine inayofanya hesabu ngumu haikuwasumbua. Kinachotusumbua ni hisia kukaa mahali zisipopaswa, au kutokuwepo mahali zinapopaswa.

Kwa hiyo nikisikia wataalamu wakibishana kama hofu hii inatokana na kuogopa magonjwa, au kuogopa kifo, au kushindwa kukiweka kitu kwenye kundi la watu au la vitu, huwa nawapa wote nusu ya haki yao. Ya magonjwa ina mantiki: uso uliopauka, macho yasiyofuatana, mwendo wa kukakamaa, hizo zote ni dalili ambazo wazee wangekuambia usogee pembeni. Lakini ndoano ya mzee wetu ni ishara ya wazi ya jeraha na hakuna anayeikimbia.

Watoto ndio wanaonifanya nifikiri zaidi. Katika utafiti uliofanyika Michigan, watoto na vijana 240, kuanzia miaka 3 hadi 18, walionyeshwa roboti za aina tofauti. Wakubwa walifanya kama watu wazima, iliyofanana na mtu sana iliwatisha. Walio chini ya miaka 9 hawakuiona mbaya kuliko ile ya plastiki, na wadogo kabisa waliipenda zaidi roboti waliyodhani ina akili yake. Wale wa mtaani kwetu wanaojificha glavu ikija ni wadogo kuliko miaka 9, lakini wao wanamjua mzee, wameona ndoano, na wameona sisi wakubwa tunavyoikata salamu. Inaelekea sehemu ya hofu hii tunajifunza, kadiri tunavyojua mashine inatakiwa iweze nini na isiweze nini. Mtoto wa miaka minne hana orodha hiyo bado. Kwake kijiko nacho huenda kina huzuni zake.

Wanaojenga roboti wana njia mbili mbele ya bonde la Mori. Ya kwanza ni kutoshuka. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi wa Kinshasa aliichukua hiyo, sidhani kama alihitaji kumsoma Mori. Mwaka 2013 kampuni yake, Women's Technology, ilisimamisha roboti za kuongoza magari kwenye makutano ya jiji lile: alumini tupu, urefu wa mita mbili na nusu, nguvu ya jua, taa nyekundu na kijani mikononi, kifua kinachozunguka, kamera za kurekodi wanaovunja sheria. Zilizofuata mwaka 2015 zikapewa majina, Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Ni wazi kabisa kwamba ni trafiki, ana kichwa, ana mikono, anakusimamisha. Ni wazi vilevile kwamba ni bati. Madereva wa Kinshasa walizizoea upesi, na wengine wakazisifu kwa sifa ambayo kila dereva wa ukanda huu anaielewa: hazina mfuko wa kupokea kitu kidogo. Hakuna aliyeuliza kama zimekufa au zi hai.

Mori mwenyewe alishauri hivyo. Usikimbilie kilele cha pili, alisema, kaa kwenye cha kwanza. Alitoa mfano wa mkono wa mbao aliochonga mchongaji wa sanamu za Buddha: vidole vinakunjika kwenye viungo, rangi ni ya mti, hauna alama za vidole, na bado una umbo zuri, mtu hawezi kuogopa kuushika. Pale Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980, wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika, na nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje mafundi wetu wangeshirikiana na wachongaji wa mpingo. Mzee wa mtaani kwetu nilimtajia. Alisema mpingo mzito, labda mninga.

Njia ya pili ni ya Hiroshi Ishiguro wa Chuo Kikuu cha Osaka, nayo ni kushuka bondeni kwa makusudi ili utokee ng'ambo. Mwaka 2006 alitengeneza roboti ya sura yake mwenyewe, Geminoid HI-1, nywele zimetoka kichwani mwake, kifua kinapanda na kushuka kama kinapumua, mabega yanajisogeza kidogo hata isipofanya lolote, maana alijua kutulia kabisa ndiko kunakomfichua asiye mtu. Miaka ikapita. Roboti haikuzeeka, yeye akazeeka, na ikafika mahali akafanyiwa marekebisho ya uso ili asiachwe nyuma na nakala yake. Namheshimu sana bwana huyu na nisingependa kulala nyumbani kwake.

Ila roboti zenye mwili, nadhani, zitabaki bondeni muda mrefu. Mota ni nzito, ngozi ya mpira huchakaa, joto la mkono ni gumu kuigiza. Waliokwisha kutokea ng'ambo ni wale wasio na mwili. Mwaka 2022 Sophie Nightingale na Hany Farid walichapisha jaribio ambalo lilininyima raha kuliko Sophia na umushanana wake. Walichukua nyuso 400 za watu halisi na nyuso 400 zilizotungwa na kompyuta, wakaomba watu wabainishe. Walipatia kwa asilimia 48, yaani wangerusha shilingi wangefanya vizuri zaidi kidogo. Kisha wakaombwa waseme nani anaonekana wa kuaminika. Nyuso za kompyuta zikapata alama za juu kuliko za watu. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwa upande huo.

Hakuna nywele zilizosimama. Hakuna kengele iliyolia. Kinga ile ambayo kima wanayo, ambayo shangazi aliionyesha kwa kusogeza simu, haikuamka kabisa, kwa sababu ilikuwa ikingoja kosa na kosa halikuja. Kwa sauti tunaelekea hukohuko. Sampuli fupi ya mtu akizungumza inatosha siku hizi programu kumwigiza, na sampuli zetu zimejaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo. Ndiyo maana siungi mkono wanaoiita hofu hii ushamba wa kutozoea teknolojia. Kwa maoni yangu ni mlinzi, na waundaji wangetakiwa kumwachia kazi yake. Fuvu wazi la Sophia, ambalo wengi wanalicheka, ndilo jambo la adabu kuliko yote aliyofanyiwa. Ukizunguka nyuma yake unaona waya. Picha ya simuni haina nyuma ya kuzungukia.

Nyumbani tumewekeana utaratibu. Ujumbe wowote wa kuomba pesa, uwe wa sauti au wa video, uwe wa nani, unakata, unapiga mwenyewe kwenye namba yake ya siku zote, na unamuuliza jambo la ndani ya familia ambalo halijawahi kuandikwa popote. Wa kwanza kukumbana nao alikuwa mjomba, aliyekwama Segera gari limemharibikia kweli na anataka pesa ya fundi. Binamu yangu akampigia, akamwamkia, akamuuliza ng'ombe wa bibi aliyetumbukia kisimani alikuwa wa rangi gani. Mjomba akafoka kwa dakika nzima, kwamba yeye ndiye aliyemlipia binamu ada ya shule, leo anaulizwa habari za ng'ombe kama yuko mahakamani, na kwamba hakuwa ng'ombe, alikuwa ndama.

Pesa ikatumwa palepale.